Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Petroli na Magari Yaliyoitwa na Kiwanda

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Machame. Miaka michache iliyopita nilinunua gari dogo lililokuwa limetumika Japani. Kila nikijaza fulu tanki pale Boma Ng'ombe na kuanza kupanda kuja nyumbani, harufu ya petroli hujaa ndani ya gari, na abiria wa kiti cha nyuma ndio wa kwanza kulalamika. Mafuta yakishuka kufikia nusu, harufu hupotea. Fundi wangu aliingia chini ya gari, akapaka sabuni ya kipande kwenye maungio ya tanki na kunihakikishia kwamba tatizo limekwisha, lakini halikwisha. Sasa mwanangu anasema kuna magari ya Kijapani ambayo kiwanda kiliyaita, yaani kilitaka yarudishwe yarekebishwe, kwa sababu ya hatari ya kuvuja mafuta. Je, wito wa namna hiyo unanihusu mimi niliye huku, na kama unanihusu, nani atalipa?
– Mwalimu, Machame

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Hukutaja aina ya gari lako, nami sitabahatisha, lakini maelezo yako kwamba harufu huja tanki likiwa limejaa ni ya thamani kubwa, na ningependa fundi wako angeyazingatia kabla ya kuchukua sabuni.

Mwanao hakukosea. Mwezi Juni 2016 Toyota ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 2.87 duniani, yakiwemo ya aina ya Prius, Auris na Corolla yaliyotengenezwa kati ya Aprili 2006 na Agosti 2015. Kasoro ilikuwa kwenye kile kikopo cha plastiki chenye mkaa ambacho kazi yake ni kunasa mvuke wa petroli unaotoka kwenye tanki na kuurudisha kwenye injini uunguzwe, badala ya kuachiwa hewani. Kikopo hicho kiliweza kupata nyufa kadiri miaka inavyopita, na tanki likiwa limejaa, mafuta yenyewe yangeweza kupenya kwenye nyufa hizo. Sisemi kwamba ndicho kinacholisumbua gari lako. Nasema kwamba dalili uliyoieleza inaelekeza sehemu ya juu ya mfumo wa mafuta, yaani shingo ya kujazia, mpira wake, gasketi ya pampu iliyo juu ya tanki (kwenye magari mengi madogo huonekana ukiinua kiti cha nyuma), pamoja na kikopo hicho cha mkaa. Tundu lililo chini ya tanki lingenuka hata mafuta yakiwa nusu.

Kuhusu wito wenyewe, jambo la kushika ni kwamba hufuata namba ya chesisi. Haufuati nchi wala mmiliki. Gari lililoitwa na ambalo halijatengenezwa hubaki na kasoro yake hata likiuzwa mara tano na kuvuka bahari. Kinachokatika ni taarifa. Kiwanda humwandikia barua mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili wa huko, na gari linapofutwa usajili Japani ili lisafirishwe, mlolongo huo unaishia hapo. Kadi ya gari unayopewa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ina jina lako, lakini kiwanda hakikujui, kwa hiyo ukisubiri barua utasubiri sana. Inakubidi ulitafute jibu mwenyewe.

Chukua kadi ya gari, soma namba ya chesisi, kisha uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bodi, kwa sababu herufi moja iliyokosewa kwenye kadi itakupa jibu la gari la mtu mwingine. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Marekani au Ulaya. Yana herufi na tarakimu chache za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Ndiyo maana wengi hujaribu kwenye tovuti ya Marekani, wakakataliwa, wakadhani gari lao ni salama. Tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, ile ya Japani yenyewe, ndiyo inayopokea namba hizo, na Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani nayo hutangaza magari yote yaliyoitwa. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini simu ya mwanao itazitafsiri vya kutosha kuelewa kama kazi imefanyika au bado.

Ukikuta bado, mwandikie wakala rasmi wa chapa hiyo hapa nchini, ukiambatisha nakala ya kadi na ukurasa ulioupata. Nakushauri uandike kwa lugha ya kuomba ufafanuzi kuliko ya kudai, kwa maana hukununua kwake. Japani matengenezo ya aina hii hufanywa bila malipo, lakini kwa gari lililoingizwa na mtu binafsi wakala wa huku huenda akakutoza kipuri, au akakwambia kipuri hicho hakimo kwenye orodha yake. Hata hivyo jibu la maandishi litakusaidia, kwa sababu litakuwa na namba ya kipuri ambayo fundi yeyote anaweza kuiagiza. Ukiona aliyekuuzia alikuficha kasoro aliyoijua, hilo ni suala la kumlinda mlaji, na chombo chake ni Tume ya Ushindani, iliyopo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Nirudi kwa fundi wako. Sabuni ya kipande haiyeyuki kwenye petroli, na ndiyo sababu mafundi wetu wameitumia miaka mingi kuziba tundu la tanki ili gari lifike gereji. Ni dawa ya njiani. Wapo pia wanaokiona kikopo cha mkaa kuwa hakina kazi, wakakitoa na kuziba mipira yake kwa bolti; mvuke ukikosa njia, tanki hujaa presha, na siku utakapofungua kifuniko utausikia ukitoka kwa kishindo. Usikubali. Na wewe mwenyewe, pampu ya kituoni ikijikata, mwambie kijana aache hapo hapo. Ile tabia ya kuongeza kidogo kidogo hadi kiasi kifike shilingi elfu hamsini kamili husukuma petroli kwenye kikopo ambacho kiliundwa kupokea mvuke tu, na gari linapoanza kupanda mlima mafuta hayo huelekea nyuma. Inawezekana ukiacha jambo hilo moja harufu ikapungua, lakini bado nataka kikopo na gasketi vikaguliwe.

SWALI: Kuna gari naliuziwa hapa Njiro. Dalali anasema liliitwa na kiwanda kwa ajili ya kuvuja mafuta ila "limeshafanyiwa kila kitu Japani". Nitajuaje kama ni kweli?
– Mnunuzi, Arusha

JIBU: Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya bodi karibu na pale mlango unapojifungia. Magari mengi yaliyorekebishwa Japani kutokana na wito hubandikwa hapo stika ndogo yenye namba ya wito huo. Kutokuwepo kwake si ushahidi kamili, kwani stika hubanduka na gari likipigwa rangi hufunikwa, kwa hiyo tafuta namba ya chesisi kama nilivyomweleza Mwalimu. Dalali akisita kukupa namba hiyo kabla hujalipa, ninavyoona mimi umeshapata jibu.

SWALI: Gari langu linanuka petroli mbele, kwenye injini, lakini sioni tone chini. Kipuri kitachukua wiki kadhaa. Je, naweza kuendelea kulitumia taratibu mjini?
– Dereva, Soweto, Moshi

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Harufu ya mbele ni ya kuogopwa kuliko ya nyuma. Kwenye injini nyingi za kisasa petroli hupita kwenye reli ya nozo (bomba linalogawa mafuta kwa nozo, yaani vinyunyizi vya injini) kwa presha ya bar tatu hivi au zaidi, hatua chache kutoka kwenye ekzosi iliyopata moto. Novemba 2022 Ford iliyaita magari takriban 634,000 ya aina ya Escape na Bronco Sport kwa sababu nozo zake ziliweza kupasuka na kumwaga mafuta juu ya sehemu zenye joto, na kuendesha taratibu hakupunguzi joto hilo. Kutoona tone hakumaanishi kitu, maana petroli inayoangukia chuma cha moto hugeuka mvuke kabla ya kufika chini.

Liegeshe nje, mbali na jiko na banda la kuchomelea, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini ukatafuta moto ulipo; baridi ya asubuhi ya Moshi haiuzuii, kwani hutoka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Chomoa waya wa hasi wa betri ukiwa umefungua boneti kwa muda ili hewa ipite. Fundi aje hapo ulipo, au gari livutwe. Likiwaka, usimwage maji. Ondoa watu na upige 114, namba ya Zimamoto.