Hiyo dirii (vazi la chuma la vitani) imefungwa wapi? Majibu ya maswali yenu kuhusu mavazi ya kwenye gemu

Habari zenu wadau. Juzi juzi niliuliza gemu gani ya fantasia ina mavazi makali kuliko zote, meseji zikamiminika mpaka nikashindwa kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimechukua maswali yaliyorudiwa sana nayajibu hapa kwa pamoja. Kabla sijaanza mjue tu kwamba mi nimekulia chini ya cherehani. Mama alikuwa anashona nyumbani Mwananyamala na kazi yangu ilikuwa kukunja pindo na kushona vifungo, ndo maana karakta akisimama kwenye skrini jicho langu linaenda kwenye mshono kwanza. Hii nguo imefungwa wapi? Anaivaaje, anaivuaje, nani kamtengenezea? Hapo ndo napimia gemu zote.

Swali: Kaka, nacheza hizi gemu mwaka wa sita sasa. Kwa nini dirii ileile akivaa wa kiume inamfunika mpaka shingoni, nikimvalisha wa kike inabaki sidiria ya chuma? (Dada wa Arusha)

Jibu: Dada yangu, hili ndo limekuja mara nyingi kuliko yote na una haki ya kukereka. Mtindo wenyewe ni wa zamani, majarida ya vibonzo ya Marekani ya miaka ya 1970 yalishaeneza shujaa wa kike mwenye bikini ya vipande vya chuma, wachora gemu wakaupokea hivo hivo. Mfano mzuri wa kulinganisha ni Monster Hunter. Kwenye World ya 2018 seti moja ilikuwa na umbo mbili, ya kiume na ya kike, na mara nyingi ya kike ilikuwa imekatwa tumbo au paja. Kwenye Wilds iliyotoka 2025 wameondoa hicho kizuizi, karakta yeyote anavaa umbo lolote analotaka. Yaani hawakumnyang'anya mtu kitu, aliyependa ile iliyokatwa bado anavaa, sema sasa na wewe unayetaka kufunikwa unafunikwa.

Alafu kuna lile bamba la kifua lenye vikombe viwili, utaliona sana, hata Skyrim ya 2011 lipo kwenye baadhi ya seti. Watu wanalibishia kwa sababu ya heshima lakini mi nalibishia kifundi. Bamba la kifua linatakiwa liwe na mbinuko mmoja kama mgongo wa sufuria, upanga ukigonga unateleza kwenda pembeni. Ukiweka vikombe viwili umechimba mfereji katikati, pigo linatelezea pale pale kwenye mfupa wa kifua, na mwanamke haitaji vikombe kwa sababu ndani kuna koti nene na kati ya koti na chuma pana nafasi. Angalia mashujaa wa Dark Souls ya 2011 au Elden Ring ya 2022, ukimvalisha mwanamke seti ya chuma ni seti ya chuma, basi. Mi sina tatizo na nguo nyepesi, mcheza ngoma avae vya ngoma, mchawi avae gauni lake. Tatizo langu ni pale nguo ya ufukweni inapoandikiwa ulinzi 60 ikaitwa dirii.

Swali: Elden Ring navaa dirii nzito kuliko zote na bado nakufa, mshikaji wangu yuko karibu uchi na anapita mabosi. Uzito una faida gani? Na ni kweli askari wa zamani wakianguka walikuwa hawawezi kuinuka? (Mdau wa Mwanza)

Jibu: Tuanze na gemu. Elden Ring inapima mzigo wako kwa asilimia ya uwezo wa kubeba. Chini ya 30 unabingirika kukwepa pigo haraka na mbali, kati ya 30 na 70 kawaida, ukishafika 70 unaanguka kama gunia la mahindi na unachelewa kuinuka, ukifika 100 hubingiriki kabisa. Wewe naona kabisa umevuka 70. Ama ongeza Endurance, yaani ile sifa inayokuongezea uwezo wa kubeba, ama punguza kipande kimoja kimoja mpaka ushuke chini ya 70, na mi ningeanza na kofia kwa sababu ukiivua ulinzi unaopotea ni mdogo. Faida ya uzito ipo, unapunguza maumivu na huyumbi ovyo ukipigwa katikati ya shambulizi lako, ila haiwezi kulipia bingiriko bovu. Na kwa vile kwenye Elden Ring dirii haziongezwi nguvu kama silaha, vaa unayoipenda, tofauti ya seti mbili zenye uzito unaokaribiana si kubwa.

Hiyo ya kushindwa kuinuka ni hadithi tu. Dirii kamili ya mabamba ya Ulaya karne ya 15 ilikuwa na kilo kama 15 mpaka 25, tena uzito umegawanywa mwili mzima, mabamba mengi yamefungwa kwa kamba kwenye koti la ndani, mtu anakimbia, anapanda farasi mwenyewe. Zile za mashindano ya mikuki ndo zilikuwa nzito zaidi na hazikuwa za vitani. Kitu kilichokuwa kinamtesa mtu kilikuwa kipimo. Mnakumbuka Daudi alivyovalishwa chapeo na dirii ya Sauli akasema hawezi kwenda navyo? Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote, mabega na zaidi, Daudi ni kijana, ile nguo ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine! Mama akisoma hapo alikuwa anaweka Biblia chini anasema hiyo ilihitaji kupunguzwa. Kwenye gemu unamvua jitu lililokufa unavaa inakukaa hapo hapo, hilo karibu gemu zote zinaliruka na nalielewa, ila Elden Ring wana kiumbe mdogo anaitwa Boc, fundi nguo, mama yake naye alikuwa fundi nguo. Anakupunguzia joho na urembo wa nguo zako, na ukimpatia sindano ya dhahabu anaweza kugusa hata nguo za watoto wa miungu, wale maadui wakubwa wa gemu. Sikutegemea gemu ya kutisha kiasi kile ingemkumbuka fundi. Siku nilipomkuta nilizima gemu nikampigia mama simu.

Swali: Kwa nini wazee wa gemu mnasifia Morrowind wakati Skyrim ina grafiki nzuri mara mia? (Dogo wa Mombasa)

Jibu: Mdogo wangu grafiki sikatai, lakini hizi ni gemu za mfululizo mmoja, hesabu vipande vya dirii. Morrowind ya 2002 unavaa helmeti, bamba la kiwiliwili, bega la kushoto, bega la kulia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, chuma cha miguu, buti na ngao, hapo bado shati, suruali, sketi, mkanda, na joho la kuvaa juu ya vyote. Oblivion ya 2006 mabega yakamezwa na kiwiliwili na mikono ikawa jozi. Skyrim hata chuma cha miguu kikaungana na kiwiliwili, ukabaki na helmeti, mwili, glavu, buti, ngao. Kutoka vipande 9 mpaka 5. Faida yake ni kwamba mchoraji anaweza kuchora mwili kama kitu kimoja kinachokaa vizuri bila kuacha mwanya kiunoni, na kweli seti za Skyrim zimekaa. Hasara ni kwamba wote tumevaa sare.

Na vifaa vyenyewe. Kwenye Morrowind watu wa kisiwa gemu inapochezwa wanavaa mifupa iliyobandikwa kwa utomvu, magamba ya wadudu, na ngozi ya netch, wale madubwana yanayoelea hewani, kwa sababu ndo vitu walivyo navyo. Ukimwona mtu na dirii ya chuma unajua ama ni askari wa himaya ama kainunua kwao. Hata watu-mijusi na watu-paka hawawezi kuvaa buti wala helmeti iliyofunika uso, miguu na midomo yao haiingii, na mchezaji anakasirika lakini mi nilifurahi, mtu kafikiria mguu wa mvaaji kabla ya kuchora kiatu.

Swali: WoW mbona mabega makubwa vile? (Wa Dodoma)

Jibu: Kamera. World of Warcraft ya 2004 imezaliwa na zile Warcraft za vita vya kupanga majeshi, ambako askari unamwona kutoka juu akiwa mdogo kama punje, unachokiona ni kichwa, mabega na silaha, kwa hiyo hivyo vitatu vikakuzwa umjue mtu kwa mbali. Mazoea yakabaki. Mi siyapendi ila yana sababu na sababu yake ni nzuri.

Swali: Kwako wewe ni gemu gani inashinda yote kwa mavazi? Usikwepe. (Watu kama kumi hivi, Dar, Nairobi, mmoja Muscat)

Jibu: Sikwepi. The Witcher 3 ya 2015, ya Wapolandi wa CD Projekt Red. Nendeni mkamvalishe Geralt, shujaa wake, seti ya shule ya Dubu (shule ni vikundi vya wawinda majitu kama yeye), alafu zungusheni kamera taratibu mpaka karibu kabisa na kiuno. Utaona koti nene lililojazwa ndani likashonewa mistari, mistari yenyewe inavuta kitambaa kikabonyea pale uzi ulipopita, hicho ndo kinachotokea ukishona godoro la mtoto au kava lenye pamba, uzi unakaza na pamba inafura pembeni. Juu yake kuna mikanda, na kila mkanda una bizimu lake na unaishia mahali. Ukichukua shule ya Paka ni nyepesi, shule ya Griffin ya katikati, na bila kusoma namba yoyote unajua huyu anakimbia, huyu anasimama apigwe. Alafu mwaka huohuo wakatoa mavazi ya bure, mfano lile vazi jingine la Yennefer, yule mchawi wa kike, bila kumtoza mtu.

Kuna ambayo ingeishinda, Kingdom Come: Deliverance ya 2018, sema hiyo si fantasia, ni Bohemia ya mwaka 1403. Kichwani peke yake unavaa kofia ya pamba, juu yake kofia ya vipete vya chuma, juu yake helmeti, na helmeti ya kufunika uso ukishusha unaona kwa tundu tu. Nguo inachafuka, inaloa damu, na watu wanakuongelesha vibaya ukienda na uchafu, unaenda kuoga ndo mambo yanarudi. Ningetamani gemu za madragoni ziige hilo la kuvaa kwa tabaka, hata nusu yake.

Swali: Sisi mavazi yetu yatakuja lini? Kila siku ni Ulaya au Japani. (Wa Nairobi)

Jibu: Yameanza kuja ila kidogo kidogo. Kiro'o Games wa Cameroon walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, fantasia ya Kiafrika kabisa. 2024 ikaja Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim ambaye asili yake ni Kenya, hiyo ni ya kuruka na kupigana, na Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, akibadili kinyago anabadili nguvu. Vazi ndo linafanya kazi, safi sana.

Ila mi ninachotaka ni mchoraji akae na vitu vyenyewe, asiishie kwenye shanga na manyoya. Wapanda farasi wa Bornu na Sokoto karne ya 19 walivaa makoti mazito ya pamba iliyoshonewa mistari, na farasi wao nao wakavishwa ya rangi rangi. Ni ufundi uleule wa koti la Geralt, na umefanyika Afrika! Au chukua ngao ya Wamasai, ngozi ya nyati, ile michoro yake myekundu na myeusi haikuwa mapambo, mtu akiiona anajua mwenye ngao ni wa rika gani na wa upande gani. Hebu fikiria gemu ambayo ukifika kijijini watu wanasoma ngao yako kabla hujafungua mdomo. Hicho kitu kipo tayari, kinangoja mtu wa kukichora.

Swali: Kununua nguo za gemu kwa hela halisi unaonaje? (Wa Tanga)

Jibu: Ilianza kupigiwa kelele Aprili 2006, Oblivion ilipouza dirii ya farasi kwa dola 2.50, watu wakachukia, na wakanunua. Msimamo wangu, kama gemu nimeshailipia bei kamili nguo ziwe humo ndani. Hela ya seti moja unapata kitambaa cha maana Kariakoo.

Swali: Laptop yangu ni ya kawaida sana, nianze na gemu gani nione haya unayosema? (Wa Iringa)

Jibu: Morrowind. Inafunguka kwenye mashine nyingi za zamani, na ukiwa nayo unaweza kuiendesha kupitia OpenMW ambayo ni ya bure na inatulia zaidi. Usikimbilie mapigano. Kusanya hela kidogo, nenda mji wa Balmora, kuna duka la nguo la Milie Hastien, nunua joho moja ulivae juu ya dirii ya mifupa, utoke nje usimame darajani, badili kamera ujitazame kwa nyuma. Alafu niandikie umechagua rangi gani.