Jibu: Sisi wa Tabora tutazuia vipi mabadiliko ya tabianchi wakati wachafuzi wako nje?

Mkuu, kweli moshi mkubwa unatoka China na Marekani, ila miti yetu ya miombo haikatwi na Mchina kukaushia tumbaku kwenye mabani (vile vibanda vya moto), ni sisi (na wanaonunua tumbaku, tusiwasahau). Itisheni mkutano mkuu wa kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu kutenga msitu wa kijiji, mnachagua kamati na mnatunga sheria ndogo zenu halafu halmashauri ya wilaya inazipitisha. Na msikimbilie miche, visiki vya miombo vinachipua vyenyewe, we bakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka mengine kata, ng'ombe wasiingie basi. Mizinga ya nyuki ya magome nayo acheni jamani, mti ukishachunwa unakufa, chongesheni ya mbao.