Imani huanzia mkutano wa kijiji

Swali la wiki hii linauliza kama demokrasia inaweza kusimama mahali ambapo wananchi hawaiamini. Sisi Watanzania tulishalijibu kwa vitendo.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi ikiuliza watu: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 walitaka kubaki na kimoja. Tume ikapendekeza vingi, sheria ikabadilishwa 1992, na mwaka 1995 ukafanyika uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo.

Tangu hapo wapo wanaosema wananchi walikuwa nyuma ya wakati. Sikubali hata kidogo. Wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka pia chama hicho kirekebishwe. Mtu wa namna hiyo anaipenda amani yake na anaogopa vurugu, lakini hajaridhika na anavyotawaliwa. Huyo ni raia kamili.

Tume hiyohiyo ilitaja sheria 40 kandamizi, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Hapo tulikwenda kwa kusuasua. Vyama viliongezeka upesi, ila mwananchi aliyefika ofisi ya mtendaji alikuta mambo ni yaleyale, na imani yake angeitoa wapi?

Kwa hiyo ninaitazama zaidi ngazi ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa, na ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa ya mkutano huo. Pale mwenyekiti anaposoma hesabu ya michango ya darasa, mifuko ya saruji na fedha ya fundi, watu huuliza, hubisha, na mkutano unaofuata wanarudi. Pale hesabu zisiposomwa mwaka mzima, akidi haitimii, kisha tunaambiwa wananchi hawana mwamko!

Mama aliyeacha shamba lake asubuhi akakae chini ya mwembe kusikiliza ajenda zilizokwisha kuamuliwa ofisini, akikaa nyumbani mara ya pili amepima vizuri. Ningependa wanaotafiti imani za wananchi waanze kwa kuomba mihutasari ya mikutano hiyo, waone ni maswali mangapi yaliulizwa na mangapi yalijibiwa.