Nimehamia Debian, sasa hata sudo inanikataa

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina steshenari Mwanjelwa, Mbeya. Nilizoea Ubuntu, nikaweka Debian 12, nayo ni mfumo wa Linux kama Ubuntu, kwenye laptopu ya zamani. Nikitumia sudo, amri ya kufanya kazi za msimamizi, naambiwa simo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Nikiingia kwa su, yaani kama root (msimamizi mkuu), usermod ya kubadili akaunti haionekani. Apt, inayosakinisha programu, inataka niingize diski, na Wi-Fi haipo kabisa. Nirudi Ubuntu?

JIBU: Marahaba. Usirudi, hakuna kilichoharibika. Wakati wa kusakinisha, Debian huuliza nenosiri la root. Ukilijaza, mtumiaji wa kwanza hapewi sudo. Ukiliacha wazi, anapewa. Ubuntu haiulizi swali hilo, ndiyo maana wanaotoka huko hukwama hapa hapa.

Fungua terminali uandike su, nafasi, kisha kistari:

su -

Bila kistari hicho unakuwa root kweli, ila unabaki na njia (folda ambamo amri hutafutwa) za mtumiaji wa kawaida, nazo hazifiki /usr/sbin inakokaa usermod. Weka nenosiri la root, halafu:

usermod -aG sudo jina

Badala ya "jina" weka lile unaloingilia. Herufi a usiiache: -G peke yake hukutoa kwenye makundi yako mengine yote. Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie upya. Kufunga terminali tu hakutoshi.

Diski inadaiwa kwa sababu ulisakinisha bila intaneti, hivyo apt inaijua ile flashi uliyosakinishia tu. Andika sudo nano /etc/apt/sources.list, weka # mbele ya mstari unaoanza na deb cdrom, na chini yake ongeza hii miwili (bookworm ni jina la Debian 12):

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security bookworm-security main contrib non-free non-free-firmware

Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X.

Intaneti ya kuanzia chukua kwenye simu kwa kebo ya USB. Washa kushiriki intaneti kwa USB. Debian huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya. Chomeka chaji, kisha sudo apt update, sudo apt upgrade, na uwashe kompyuta upya. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, ukirudi andika sudo dpkg --configure -a kumalizia kilichokatika.

Sasa Wi-Fi. Andika lspci -nn | grep -i network uone chipu ni ya nani. Tangu Debian 12 ilipotoka Juni 2023, kisakinishi huja na firmware (programu ndogo za kuendesha chipu), kwa hiyo Intel na Realtek nyingi hukubali zenyewe. Laptopu ya zamani isiyoonyesha Wi-Fi kabisa, tunashuku kwanza Broadcom. Ikiwa ndiyo:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Ukiruka ule upgrade, draiva inaweza kujengwa kwa kerneli (kiini cha mfumo) mpya wakati wewe bado unatumia ya zamani. Secure Boot, kinga inayozuia draiva zisizosainiwa, nayo izimwe kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka), la sivyo draiva hujengwa vizuri halafu ikazuiwa kupakiwa.

Kwa kazi yako ongeza fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea kabla hujafungua CV ya mteja. Herufi zake zina upana sawa na Calibri na Cambria, hivyo ukurasa mmoja hautamwagika kuwa miwili.

SWALI: Nina Windows na Debian kwenye kompyuta moja, hapa Mafinga. Nikitoka Debian, saa ya Windows inarudi nyuma saa tatu.

JIBU: Debian huiweka saa ya ubao mkuu wa kompyuta kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwenye Debian andika:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utakuonya kuhusu nchi zinazosogeza saa kwa majira, Tanzania haisogezi. Lakini saa ikirudi nyuma miaka badala ya saa tatu, hiyo ni betri ya ubao imekufa, mara nyingi CR2032. Ibadilishe kwanza, maana tarehe ikikosewa hivyo apt hukataa hata kusoma orodha za programu.