Lenzi kuingia kwenye kamera si lenzi kufanya kazi

Juzi kaja kijana na Canon 700D yake mkononi na lenzi mpya ya RF 50mm bado imo kwenye boksi. Ananiambia, dada, hii lenzi ni mbovu, haishiki. Jana kaja binti na Nikon D3500: lenzi yake ya 50mm inaingia vizuri, picha inapigwa, ila fokasi, ule ukali wa picha, haishiki. Wote wawili wana safari wiki ijayo. Kijana anakwenda Kilwa Kisiwani na wenzake wa chuo, binti kapata kazi ya kupiga picha za nyumba ya wageni huko Paje. Pesa waliyotumia najua ilivyopatikana, ya kijana ni ya kuchangishwa na ya binti ni ya mchezo. Nilipofunga ofisi nilikuwa na hasira, maana kosa la huyu binti nililifanya mimi mwenyewe mwaka 2014, na hadi leo hakuna anayewaambia wadogo zetu. Basi nawaambia.

1. Anza na maunti, bodi itafuata.

Maunti, ile pete ya chuma inayounganisha lenzi na bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ndiyo ndoa yenyewe. Bodi utabadilisha, lenzi nzuri utazeeka nayo. Ukishachagua maunti umeshachagua pia nani atakuazima lenzi siku yako ikianguka, na nani atanunua vitu vyako ukikwama kodi ya nyumba. Kwa hiyo mtu akikuuliza "unatumia nini?" usijibu "Canon" ukanyamaza. Canon wana maunti ya EF ya tangu 1987, wana EF-S ambayo ni ya bodi za sensa ndogo peke yake (sensa ndiyo inayopokea picha ndani ya kamera), kisha wana RF iliyokuja 2018 na mirolesi, kamera zisizo na kioo ndani. Nikon wana F ya tangu 1959, na Z ya 2018. Sony E ilianza 2010, Fujifilm X 2012. Jina la kampuni ni ukoo tu, na ndani ya ukoo mmoja wapo wasiosalimiana.

Swali ninaloulizwa kila mwezi: mbona EF inakubali kwenye bodi ya RF kwa adapta, lakini RF haikubali kwenye bodi ya EF? Ni nafasi, mdogo wangu. Kamera ya DSLR ina kioo ndani, na kioo kinahitaji mahali pa kunyanyukia. Kwenye EF, kutoka maunti hadi sensa ni milimita 44. RF haina kioo, kwa hiyo ni milimita 20 tu. Lenzi ya EF imetengenezwa kutupa picha milimita 44 nyuma yake. Ukiipachika kwenye bodi ya RF zinapungua 24, na adapta ni bomba la kujaza hizo 24. Lenzi ya RF ingebidi uizamishe milimita 24 ndani ya bodi ya DSLR, palepale penye kioo. Nikon F ni 46.5 na Z ni 16, hesabu ni ileile. Kijana wangu wa 700D, lenzi yako ni nzima kabisa, na boksi usilichane.

Adapta ikiwa haina vile vidoti vya shaba vya kupitisha mawasiliano, usahau otofokasi, yaani kamera kutafuta ukali yenyewe, na kwa lenzi za Canon usahau pia kubadilisha f, upana wa tundu linalopitisha mwanga.

2. Kwa Nikon, uliza mota iko wapi.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Lenzi za Nikon mnazozikuta kwenye soko la mitumba ziko za namna mbili. Za AF na AF-D hazina mota ndani. Zinazungushwa na mota ya bodi, kupitia kijibisibisi kidogo kinachochungulia upande wa chini wa pete ya maunti. AF-S zimebeba mota yake zenyewe. Bodi za D3000 hadi D3500, na D5000 hadi D5600, hazina kile kijibisibisi. D90, D7000 na ndugu zake, D610, D750 na D850 wanacho. Lenzi ya D itaingia kwenye D3500, itapima mwanga, itapiga. Haitafokasi. Herufi moja tu, D badala ya G iliyo kwenye AF-S nyingi, na bei ya ile ya D ndiyo inayowavuta.

Mwaka 2014 nilikuwa na D90 na lenzi ya AF 80-200mm f/2.8D, chuma kitupu, kilo 1.3. Ile lenzi ndiyo iliyonilisha. Nilipiga nayo harusi, mechi za mitaani na mahafali, na sauti yake ilipokuwa inafokasi, krrr, niliijua kama mlango wa kwetu. Nikapata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: kampuni moja ya utalii ilitaka picha za nyumbu wakivuka mto Mara, siku nne Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mwezi wa nane. Nikaiangalia D90 yangu yenye megapikseli 12 nikaona itaniaibisha mbele ya wageni wenye lenzi kama mizinga. Alhamisi nikaiuza. Ijumaa nikanunua D5300, megapikseli 24, skrini ya kugeuka, GPS ndani yake. Dukani niliijaribu kwa lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, ikafanya kazi vizuri. Lenzi yangu kubwa ilikuwa nyumbani, na sikuona haja ya kuifuata. Unamjaribu vipi mtu unayemjua? Jumamosi alfajiri nikapanda basi la Arusha.

Njiani tangu Karatu hadi Naabi, hadi Seronera, nilitumia 18-55. Mandhari, anga, wageni wakicheka kwenye paa la gari. Kila picha ilikuwa kali na mimi nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

Siku ya pili tulikaa kando ya mto tangu asubuhi. Nyumbu walikusanyika ng'ambo kwa maelfu, wanasogea, wanarudi, wanasogea. Saa tatu nzima. Kisha mmoja akaruka, na nyuma yake ukuta wote ukamiminika majini. Ndipo nikaitoa 80-200 kwenye begi na kuipachika.

Kitu cha kwanza nilichoona ni herufi tatu: FEE. Pete ya f ilikuwa imezunguka ndani ya begi. Hiyo niliijua, nikairudisha kwenye f/22 na kuifunga. Nikabonyeza kitufe cha kupigia nusu, ili ifokasi. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Hakuna krrr. Nikaivua, nikafuta vidoti kwa kanga, nikaipachika tena. Nikaizima kamera, nikaiwasha. Nikatoa betri. Mikono inatetemeka, vumbi linaingia kwenye mdomo wa kamera ulio wazi, na masikioni nasikia maji na milio ya wale wanyama. Dereva wetu, mzee aliyeishi na mto ule miaka mingi, akageuka akaniambia polepole, "Mwanangu, wameshaingia. Piga."

Nikageuza pete kwenda M na kuanza kufokasi kwa mkono. Kijidirisha cha D5300 ni kidogo, hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa f/2.8, kwenye milimita 200, mnyama anayekimbia kuja kwako anatoka kwenye fokasi kabla kidole hakijafika. Wangeniambia leo nifanye nini, ningefunga hadi f/8, ningepandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga, ningelenga fokasi kwenye jiwe moja la ukingoni na kungoja nyumbu wafike pale. Siku ile sikuwaza hata moja. Nilipiga picha 412. Usiku nikizitazama kwenye kompyuta zilikuwa kali kumi na moja, na saba kati ya hizo ni za migongo.

Sasa nifike panaponiuma zaidi. Meneja wa safari aliponiuliza, nilimwambia lenzi imeharibika kwa mtikisiko wa barabara. Nilimwambia hivyo mbele ya yule mzee, aliyekuwa ameniona asubuhi nikiibeba mapajani kama mtoto mchanga ili isitikisike. Mzee hakusema neno. Aliniwekea chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akaenda kukagua matairi. Nimesahau mengi ya safari ile lakini ule mgongo wake anapoondoka naukumbuka. Kosa la mota lingesameheka. Wiki mbili baadaye nilimwandikia meneja ukweli wote na kumrudishia nusu ya malipo ya awali. Alinishukuru kwa ustaarabu na hakunipigia tena simu.

Kwa hiyo jaribu kila lenzi na kila bodi, nyumbani, siku tatu kabla ya kuondoka, hata kama vimekaa pamoja miaka kumi na umebadilisha kimoja tu. Na msidhani mirolesi inawaokoa: FTZ, adapta ya Nikon yenyewe ya kupachika lenzi za F kwenye bodi za Z, haina kile kijibisibisi, hivyo lenzi ya D kwenye Z utaizungusha kwa mkono. Kinyume chake kipo pia. AF-P, lenzi mpya zenye mota ya aina nyingine ndani, hazifokasi kabisa kwenye D90 wala D7000.

3. Sensa inabadilisha lenzi yako kuwa lenzi nyingine.

Kwenye sensa ndogo, ile inayoitwa APS-C (Nikon huiita DX), zidisha milimita za lenzi kwa 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, kwa 1.6 kwa Canon, na kwa 2 kwa zile ndogo zaidi za Micro Four Thirds. Porini hiyo ni zawadi, 200 inaona kama 300. Mjini ni balaa. Nenda Mji Mkongwe na 50mm kwenye sensa ndogo, simama mbele ya mlango wa kuchongwa, rudi nyuma, rudi tena, mgongo umegonga ukuta wa jirani na mlango bado haujaingia wote. Nilimwona mwanafunzi wangu akiomba aingie ukumbini kwa watu wa nyumba ya ng'ambo ili apate nafasi. Walimkaribisha, wakampa kahawa na halua, picha akaisahau. Mlango hatuna, ila wale watu bado tunasalimiana nao.

EF-S haiingii kabisa kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D na 5D. Lenzi ya DX ya Nikon inaingia kwenye D610 ya sensa kubwa, lakini bodi inakata kingo na megapikseli 24 zinabaki kama 10.

4. Safari ni lenzi moja na nusu.

Moja ya kukaa kwenye kamera siku nzima: 18-140 kwa DX, 24-105 kwa sensa kubwa. Ile nusu ni kalenzi kadogo ka 35 kwa ajili ya jioni. Mkija na begi la lenzi tano, lenzi nne zitakuwa zinapiga picha za ndani ya begi. Ndege ndogo za kwenda mbugani nyingi zinaweka kikomo cha kilo 15, begi laini, na kamera imo humo humo. Na kubadilisha lenzi kwenye gari lililo wazi ndani ya vumbi la Amboseli, wadogo zangu, nawaomba. Lile vumbi hamtaliona kwa f/4. Mtaliona kwa f/16, anga nzima ina madoa, na mtaanza kuyafuta moja moja saa saba usiku.

Kama lazima ubadilishe, zima kamera, ielekeze mdomo chini, fanya ndani ya kanga au mfuko.

5. Mengineyo, haraka. Betri mbili za akiba kwa mirolesi, zibebe mkononi kwenye ndege, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda joto la Unguja, acha kamera ndani ya begi nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho. Usihifadhi lenzi kwenye kabati la pwani bila silika jeli, vile vifuko vya kunyonya unyevu, fangasi haichagui bei. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ukikataliwa shukuru.

6. Mkinunua iliyotumika, nendeni na bodi yenu, kadi yenu, na simu yenye tochi.

Mulika lenzi kutoka nyuma, tazama kwa mbele: nyuzi kama buibui ni fangasi, iache. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa. Bonyeza nusu ukisikiliza. Muuzaji akikuharakisha, mshukuru uondoke. Na akikwambia "hii inaingia," mwambie unajua inaingia, unataka uione ikifokasi kwenye bodi yako, palepale, kwenye uso wake.

Kijana wa Kilwa, rudi dukani leo kabla ya saa kumi na risiti yako, omba EF 50mm f/1.8 STM. Ni nafuu kuliko hiyo RF, kwa hiyo dai chenji yako, na iongezee ya nauli ya boti.

Binti wa Paje, ya kwako hairudishwi, najua, ulinunua kwa mtu. Baki nayo. Kwa picha za mtu aliyetulia, ukifuata kile kidoti cha kijani kwenye kijidirisha, itakupa picha nzuri sana. Ila vyumba vya wageni vinataka upana. Nina AF-P 10-20mm, inakubali kwenye D3500 yako, ni ya gramu 230 tu. Njoo uichukue Alhamisi. Njoo na bodi, tuipachike hapa mezani, na upige nayo picha moja mbele yangu kabla hujaiweka kwenye begi.