Rampu isiyo na vipimo kwenye BOQ hujengwa mwisho, tena hujengwa vibaya

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na mwaka mmoja kabla ya hapo nchi ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Lakini mkandarasi akiwa saiti hafungui sheria. Anafungua BOQ (jedwali la kazi, vipimo na bei zake) na michoro. Fundi aliyepewa kazi kwa force akaunti (taasisi yenyewe inanunua vifaa na kumlipa fundi ufundi tu) ana vichache zaidi mkononi: mkataba wa kurasa mbili tatu na ramani. Jambo lisilokuwemo humo likiwa na kipimo, idadi na bei, halina malipo, na lisilo na malipo halijengwi. Basi wewe uliye kitengo cha ununuzi, idara ya ujenzi ya halmashauri au kamati ya ujenzi ya shule na zahanati, kazi yako kubwa ni kuihamisha haki ya mtu mwenye ulemavu ya kuingia na kulitumia jengo kutoka kwenye sheria na kuiweka kwenye mistari ya malipo.

Kwanza, mstari wa kuufuta popote unapoukuta: "Kujenga njia ya mteremko kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kazi 1, jumla." Hausemi urefu, upana wala mteremko. Mzabuni anaweza kuweka bei ya bonge la zege lililomwagwa mbele ya ngazi, na utakuwa huna hoja ya kumkatalia. Akiacha nafasi ya bei wazi, kanuni ya kawaida ya BOQ ni kwamba kazi hiyo imehesabiwa ndani ya bei zake nyingine. Analazimika kuijenga, ndiyo, lakini haina shilingi inayomsubiri, kwa hiyo ataisogeza mbele hadi siku ya kuondoa mitambo. Kuna kosa baya kuliko hilo: kuiweka kazi hii kwenye fedha za tahadhari, zile zinazotengwa kwa mambo yasiyotarajiwa. Udongo wa msingi ukikutwa mbovu, fedha hizo ndizo zinazoliwa kwanza.

Badala yake, ivunje kazi. Chukua darasa ambalo sakafu yake iko milimita 450 juu ya ardhi. Mteremko mkali kabisa unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele, hivyo urefu wa chini kabisa ni mita 5.4. Tunashauri uchore 1 kwa 14, yaani mita 6.3. Mkono wa fundi hukosea kidogo, na ukichora kwenye kikomo chenyewe, kosa dogo tu linakutoa nje ya kikomo. Upana uwe mita 1.5 kwa jumla, ili ndani ya kingo zibaki mita 1.2 wazi. Kwa vipimo hivyo, pamoja na jukwaa la kugeuzia la mita 1.5 kwa 1.5 pale chini, zege la unene wa milimita 100 linafika takriban mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 8 ya saruji. Wavu wa chuma wa BRC A142 ni mita za mraba 12. Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, kimo cha milimita 900 na nyingine ya chini kwenye 700 kwa ajili ya watoto, kila moja ikipitiliza milimita 300 juu na chini ya mteremko. Ukijumlisha na nguzo zake kila mita 1.5, unahitaji mabomba 8 ya mita 6 ukihesabu na ya kupotea. Andika bomba la inchi moja na robo, ambalo kipenyo chake cha nje ni kama milimita 42 na linajaa vizuri kiganjani. La inchi moja na nusu linapita milimita 48, na mtoto hawezi kulizungusha vidole.

Kila kimoja cha hivyo kiwe mstari wake: kifusi kilichoshindiliwa, kuta za pembeni, zege, wavu, kingo za milimita 100 zinazozuia magurudumu ya mbele yasiteleze nje, reli, umaliziaji. Kwenye umaliziaji andika wazi kwamba uso upigwe fagio kukata njia, usipigwe niru, yaani saruji laini ya kusugua. Niru inapendeza siku ya ufunguzi, na mvua ya kwanza inaigeuza utelezi.

Andika pia nondo za kuunganisha: milimita 12, urefu milimita 600, kila milimita 300, zitoke kwenye jamvi (sakafu ya zege) la jengo ziingie kwenye zege la rampu. Ni nondo sita tu. Zikikosekana, kifusi kinazama baada ya masika, rampu inashuka na jamvi linabaki lilipo, na mlangoni panaota kizingiti cha sentimita tatu. Kwa sababu hiyo hiyo kifusi kishindiliwe kwa tabaka za milimita 150, kisimwagwe chote kwa mara moja.

Kosa ghali kuliko yote linatokea kabla ya tofali la kwanza. Mchoro wa mfano unaonyesha ardhi tambarare, kumbe kiwanja kina mwinamo. Upande mmoja sakafu iko milimita 450 juu ya ardhi, upande wa pili 800. Rampu ikiangukia upande wa chini, 1 kwa 14 inadai mita 11.2 pamoja na jukwaa la kupumzikia katikati, karibu mita 13 kwa ujumla. Fundi ana mita 6.3 kwenye karatasi, na mita 6.3 ndizo atakazojenga. Hapo mteremko umekuwa kama 1 kwa 8, na mwalimu lazima amsukume mwanafunzi kwa nguvu zake zote. Dawa ni mbili, na zote zinaingia kwenye nyaraka. Viwango vya ardhi vipimwe kabla ya kutangaza zabuni, na mlango wenye rampu uwekwe upande wa juu wa kiwanja. Kisha mkataba useme: "Mteremko haubadiliki. Urefu utafuata kimo halisi kilichopimwa saiti, na malipo yatakuwa kwa urefu uliojengwa kwa bei ya kizio iliyomo kwenye BOQ." Sentensi hiyo inamwondolea mkandarasi sababu ya kubana urefu.

Milango ina mtego wake. "Mlango wa 900" kwa mafundi wengi ni tundu la ukutani. Toa fremu ya milimita 50 kila upande, toa unene wa ubao wa mlango ulio wazi, na unabaki na kama 760. Usiandike ukubwa wa mlango. Andika upana wazi wa kupita usiopungua milimita 850 mlango ukiwa umefunguliwa nyuzi 90, na tundu la ukutani lisipungue 1000. Kizingiti kisizidi milimita 15. Ukaguzi wake ufanyike kozi za tofali zikiwa chini ya linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango. Linta ikishamwagwa, kupanua mlango ni kubomoa, na hakuna anayebomoa.

Choo ndicho mahali ambapo kazi hufanywa nusu. Chumba kinajengwa kikubwa, kinaandikwa kibandiko cha kiti mwendo, halafu ndani kinawekwa sinki la kuchuchumaa. Andika ndani ya chumba: upana mita 1.7, urefu mita 2.2, kiti cha kukalia chenye kimo cha milimita 450 hivi, kiwe cha kauri au cha zege kama ni choo cha shimo, katikati ya kiti iwe milimita 450 hadi 500 kutoka ukuta wa karibu, upande wa pili nafasi ya 900 isiyo na kitu, ya kuegesha kiti mwendo. Mlango ufunguke kwenda nje. Ukifungukia ndani, mtu akianguka nyuma yake hafikiki. Vishikizo vikae milimita 200 hadi 300 juu ya kiti, na vibebe kilo 110 bila kutikisika. Hapa fundi atachimba tofali lenye matundu na kuweka plagi ya plastiki, na kishikizo kitang'oka siku mtu atakapokitegemea kwa uzito wake wote. Mkataba udai matundu ya tofali za sehemu hiyo yajazwe zege wakati ukuta unapanda. Gharama yake ni ndoo moja au mbili za zege.

Mambo mengine yanaenda haraka: swichi kati ya milimita 800 na 1100 kutoka sakafuni, koki za wenzo badala ya za kuzungusha, ukanda wa rangi inayopingana wa milimita 50 kwenye ukingo wa kila ngazi kwa ajili ya wenye uoni hafifu, taa inayowaka na kuzima sambamba na kengele ya hatari kwa viziwi. Ni vitu vya bei ndogo vikiwa kwenye BOQ, na usumbufu mkubwa kuvidai baadaye.

Usisahau njia ya kutoka getini. Kazi za nje mara nyingi huwa mkataba mwingine au awamu nyingine, na matokeo yake ni rampu safi inayoishia kwenye mtaro au kokoto. Weka njia ngumu kutoka getini hadi rampu na hadi chooni ndani ya mkataba huu huu. Ikiwa na mwinamo wa 1 kwa 20 au chini ya hapo haihitaji reli. Mifuniko ya mitaro iwe na nafasi zisizozidi milimita 13, zikate njia badala ya kwenda sambamba nayo, ama sivyo gurudumu la mbele linazama.

Sasa vifungu. Tunashauri mahitaji haya yawe sharti la kazi ambalo kila mzabuni analiwekea bei, yasiwe alama za kushindania. Zabuni zikizidi bajeti, kuna siku ya kupunguza kazi, na siku hiyo kalamu huanzia hapa. Kwa hiyo andika mapema kwenye nyaraka: "Vipengele vya ufikikaji haviondolewi wala kubadilishwa bila kibali cha maandishi cha afisa masuuli." Huyo ndiye mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake. Ongeza vituo vinne ambapo kazi husimama hadi ikaguliwe na kusainiwa: viwango kabla ya msingi, matundu ya milango kabla ya linta, kuta za choo kabla ya plasta, na rampu kabla ya kumwaga zege. Kisha kifungu chenye meno: hati ya kukamilika kwa kazi haitolewi hadi vipengele hivyo vipimwe na kupita, kwa sababu kutolewa kwa sehemu ya fedha za zuio (zile zinazokatwa kwenye malipo ya mkandarasi na kushikiliwa) kunategemea hati hiyo.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Chukua rula ya alumini ya mita 1.2 na pima maji. Laza rula kwenye rampu, inua ncha ya upande wa chini mpaka pima maji itulie, pima pengo. Kwa 1 kwa 14 pengo ni milimita 86, na likipita 100 kazi imekataliwa. Rudia kila mita hadi juu, maana mafundi wengi hukaza mteremko mita ya mwisho ili kufikia baraza.

Kwenye force akaunti hakuna mshauri elekezi wala fedha ndefu za zuio, kwa hiyo nguvu iko kwenye awamu za malipo ya fundi. Awamu ya mwisho ishikwe na rampu na choo, isishikwe na rangi. Kamati ya manunuzi inunue bomba, wavu na kiti cha choo pamoja na vifaa vya msingi na kuta. Vikiachwa vya mwisho, fedha imekwisha.

Watu wenye ulemavu wa eneo husika waitwe mara mbili: michoro ikiwa bado penseli, na siku ya kupima. Sheria ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na vyama vya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vipo. Nauli na posho yao iwe mstari ndani ya BOQ, kwenye gharama za awali. Siku ya kupima, mtumiaji wa kiti mwendo aende peke yake kutoka getini hadi darasani, hadi chooni, afunge mlango, ageuke, atoke, bila kusukumwa. Anapokwama, weka alama ya chaki na uandike kwenye orodha ya marekebisho.

Ukaguzi wa kipindi cha matazamio (muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro) upangwe baada ya masika, kabla kipindi hakijaisha. Angalia vitu vinne: kiungo cha rampu na jamvi, nguzo za reli kwenye mizizi yake, vishikizo vya choo, na kama choo hicho hakijafanywa stoo ya majembe.