Jibu: Sampu kavu kwa injini ya mashindano

Ndugu, umeuliza kama pampu ya hatua tatu (yaani pampu tatu ndogo zilizounganishwa pamoja) inaitosha V8 yako, injini ya silinda nane, ambayo presha ya oili hushuka kila unapokata kona ndefu. Katika sampu kavu, oili haikai kwenye sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini, bali hunyonywa humo na kuhifadhiwa kwenye tangi la pembeni. Kwa kuanzia inatosha, mradi hatua mbili zinyonye oili kutoka kwenye sampu na moja isukume kwenda kwenye beringi, kwa sababu oili inayorudi imechanganyika na hewa na ujazo wake ni mkubwa kuliko ule uliosukumwa.

Ningekushauri ujali tangi kuliko pampu. Liwe refu na jembamba, oili iingie juu kwa ubavuni ili izunguke ukutani na kuachana na hewa, nayo hewa itokee kwenye mpira wa kupumulia. Mpira utokao chini ya tangi kwenda kwenye pampu uwe mpana na mfupi, kwa kuwa ukibana hapo, hatua zote ulizonunua hazitakusaidia. Kila mpira wa kunyonya uwekee chujio la waya, maana kipande kimoja cha chuma huweza kuikwamisha pampu.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, vua mkanda na uizungushe pampu kwa drili, kwa uelekeo wake, mpaka geji ionyeshe presha. Kipimo cha oili usikichukue asubuhi, kwani usiku oili huvujia kwenye sampu na tangi likaonekana pungufu; kichukue injini ikiwa ya moto, ikiunguruma taratibu au mara tu baada ya kuizima.